Jeni zinazoshirikiwa na saratani nyingi: mwongozo kamili wa kuzitafuta kwa kompyuta

Mwaka 2022 watu wapatao milioni 20 duniani waligunduliwa kuwa na saratani, na wengine milioni 9.7 hivi walifariki kwa ugonjwa huo. Saratani za mapafu, matiti, utumbo mpana, tezi dume na tumbo ndizo zilizoongoza kwa wagonjwa wapya. Hospitalini huitwa kwa jina la kiungo zilikoanzia, na matibabu mengi hupangwa kwa kufuata kiungo hicho. Ndani ya seli mambo ni tofauti. Jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye DNA iliyoharibika isiendelee kugawanyika, hukutwa imeharibika katika karibu nusu ya saratani zote. KRAS hubadilika kwenye kongosho, utumbo mpana na mapafu. Kasoro za BRCA2 huonekana kwenye matiti, ovari, tezi dume na kongosho.

Ujuzi huu umeshafika kwenye kitanda cha mgonjwa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pembrolizumab kwa uvimbe wowote mgumu wenye kasoro ya mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA, bila kujali umeanzia kiungo gani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mamlaka hiyo kuidhinisha dawa ya saratani kwa kufuata alama ya kijenetiki badala ya kiungo.

Data zilizowezesha utafiti wa aina hii ziko wazi kwa kila mtu mwenye kompyuta na intaneti. Kupata orodha ya jeni zinazoshirikiwa na saratani nne au tano ni kazi ya siku chache tu. Kazi ngumu ni kujua kwa nini zinashirikiwa, maana sababu nyingi za jeni kuingia kwenye orodha hiyo hazihusiani na chanzo cha saratani hata kidogo. Huko ndiko mwongozo huu utakakotumia nafasi kubwa. Nimeuandika kwa mtu anayejua biolojia ya msingi na aliyewahi kuandika japo mistari michache ya lugha ya R.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kupakua chochote

"Jeni zinazoshirikiwa" inaweza kumaanisha mambo manne tofauti. Inaweza kuwa jeni ambazo herufi zake za DNA zimebadilika ndani ya uvimbe. Inaweza kuwa jeni ambazo kiwango chake cha kazi, yaani wingi wa RNA yake, kimepanda au kushuka. Inaweza kuwa kasoro zinazorithiwa ambazo humweka mtu hatarini kupata saratani zaidi ya moja. Au inaweza kuwa jeni ambazo kiwango chake kinaendana na muda ambao mgonjwa huishi. Kila maana ina data zake, takwimu zake na mitego yake, na ukizichanganya hutajua matokeo yako yanajibu nini.

Hapa tutafuata swali moja: ni jeni zipi zinazopanda katika saratani ya matiti, ya mapafu, ya utumbo mpana na ya tezi dume, zikilinganishwa na tishu isiyo na uvimbe ya kiungo hichohicho, na ambazo kupanda kwake hakuelezwi na kasi ya kugawanyika kwa seli peke yake? Nusu ya mwisho ya swali ndiyo yenye thamani. Bila hiyo utarudia matokeo ambayo tayari yamechapishwa mara nyingi mno.

Hatua ya 2: Chagua data na uzikague

Chanzo kikuu ni TCGA, mradi wa Marekani ulioanza mwaka 2006 na kuhitimisha uchambuzi wake wa saratani zote kwa pamoja mwaka 2018. Ulikusanya sampuli za wagonjwa zaidi ya 11,000 wa aina 33 za saratani. Data zake zinapatikana kupitia tovuti ya GDC. Kila saratani ina msimbo: BRCA ni matiti (usiuchanganye na jeni ya BRCA2), COAD ni utumbo mpana, PRAD ni tezi dume. Mapafu yana misimbo miwili, LUAD na LUSC. Hizo ni saratani mbili zenye biolojia tofauti kabisa, kwa hiyo usiziunganishe kwa sababu tu zinakaa kwenye kiungo kimoja. Kwa swali letu tutatumia LUAD.

Hesabu za RNA na orodha za mabadiliko ya DNA yaliyotokea ndani ya uvimbe ziko wazi. Data ghafi zinazoweza kufichua DNA ya kuzaliwa ya mgonjwa zinahitaji kibali maalumu, na kwa kazi hii hutazihitaji.

Kabla ya kuendelea, hesabu sampuli za tishu ya kawaida. BRCA ina takriban 113, LUAD 59, PRAD 52 na COAD 41. Saratani ya mlango wa kizazi, yaani CESC, ina 3 tu, na kwa idadi hiyo hakuna ulinganisho wa maana unaoweza kufanyika. Wengi huziba pengo hilo kwa kuchukua tishu za watu wasio na saratani kutoka mradi wa GTEx. Inawezekana, ila maabara, namna ya kuhifadhi tishu na kompyuta zilizochakata data ni tofauti, na tofauti hizo zinaweza kuonekana kama saratani. Ukilazimika, tumia toleo lililochakatwa upya kwa njia moja kwa miradi yote miwili, linalopatikana kwenye tovuti ya UCSC Xena. Hata hivyo toleo hilo haliondoi tofauti zilizoanzia maabara.

Jifunze pia kusoma msimbo wa sampuli. Tarakimu mbili zinazoanza sehemu ya nne ya msimbo wa TCGA husema sampuli ni ya nini: 01 ni uvimbe wa mwanzo, 06 ni saratani iliyosambaa, 11 ni tishu ya kawaida. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na sampuli mbili za 01. Ukizihesabu kama wagonjwa wawili, takwimu zako zitajivuna bila haki.

Jambo jingine la kuandika kwenye daftari lako tangu sasa ni kwamba wagonjwa wengi wa TCGA ni wenye asili ya Ulaya. Jeni utakayoiona "kwa wote" imeonekana kwa wote waliopimwa, na hao si binadamu wote.

Hatua ya 3: Pakua na usafishe

Sakinisha R, kisha Bioconductor (hazina ya vifurushi vya R vya biolojia), kisha vifurushi vya TCGAbiolinks, kinachopakua data za TCGA, na DESeq2, kinachopima tofauti za wingi wa RNA. Ombi la data za matiti linaandikwa hivi:

```
ombi <- GDCquery(project = "TCGA-BRCA",
  data.category = "Transcriptome Profiling",
  data.type = "Gene Expression Quantification",
  workflow.type = "STAR - Counts",
  sample.type = c("Primary Tumor", "Solid Tissue Normal"))
GDCdownload(ombi)
brca <- GDCprepare(ombi)
```

Rudia kwa kila saratani. Utapata jedwali lenye safu zaidi ya 60,000, kwa kuwa limebeba pia RNA zisizotengeneza protini. Baki na jeni za protini, ambazo ni karibu 20,000, kisha uondoe zile ambazo karibu hazina hesabu yoyote katika sampuli nyingi.

Tumia hesabu ghafi. DESeq2 inatarajia namba kamili na husawazisha yenyewe, kwa hiyo ukiilisha TPM au FPKM (vipimo vya RNA vilivyokwisha kusawazishwa) unavunja msingi wa modeli yake. Namba za jeni za hifadhidata ya Ensembl huja na toleo nyuma ya nukta (TP53 ni ENSG00000141510, kisha nukta na tarakimu), na toleo hilo likibaki, jeni hiyohiyo inaweza kukosa kukutana na nafsi yake kwenye hifadhidata nyingine.

Usifungue majedwali ya jeni kwa Excel. Programu hiyo iligeuza majina kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliyabadilisha, na sasa ni SEPTIN1 na MARCHF1. Majedwali ya zamani bado yana majina ya awali.

Mwisho wa hatua hii chora PCA, yaani mchoro unaoweka karibu sampuli zinazofanana, kwa kila saratani. Uvimbe na tishu ya kawaida vinapaswa kutengana. Sampuli ya uvimbe iliyojificha katikati ya tishu za kawaida huenda ina seli chache sana za saratani, au imewekewa lebo isiyo yake. Iangalie kabla ya kuamua kuiondoa, na uandike sababu.

Hatua ya 4: Chambua kila saratani peke yake

Usizitupe zote chungu kimoja. Tofauti kati ya titi na utumbo ni kubwa kuliko tofauti kati ya uvimbe na tishu yake ya kawaida, na itaimeza ishara unayoitafuta.

Tumia wagonjwa wenye jozi, yaani wale waliotoa uvimbe pamoja na tishu ya kawaida, na modeli iseme hivyo: `~ mgonjwa + hali` (hali ni uvimbe au kawaida). Kwa njia hii kila mtu analinganishwa na nafsi yake, na tofauti za umri, jinsia na asili hazipati nafasi ya kuvuruga.

Kisha vizingiti. Ukipima jeni 20,000 kwa thamani ya p (uwezekano wa bahati pekee kutoa tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi) ya 0.05, jeni 1,000 zitapita kwa bahati hata kama hakuna kitu. Ndiyo maana hutumika thamani iliyorekebishwa kwa njia ya Benjamini na Hochberg. Hiyo haitoshi, kwa sababu ukiwa na sampuli nyingi hata tofauti ndogo isiyo na maana kibiolojia itapita. Wengi hupima kwanza dhidi ya sifuri, kisha huchuja zilizopanda mara mbili. Ni bora kupima moja kwa moja kama jeni imepanda zaidi ya mara mbili (`dds` ni data zako zilizokwisha kuwekwa kwenye DESeq2 pamoja na modeli, na `lfcThreshold` ya 1 ni logi ya msingi wa 2, yaani mara mbili):

```
matokeo <- results(dds, lfcThreshold = 1,
  altHypothesis = "greater", alpha = 0.05)
```

Kuna upendeleo unaosahaulika hapa. Saratani yenye jozi 110 itatoa orodha ndefu kuliko yenye jozi 40, hata kama biolojia yake haijavurugika zaidi. Chagua kwa nasibu idadi sawa ya jozi kwa kila saratani, rudia mara nyingi, na uhifadhi jeni zinazojitokeza karibu kila mara.

Hatua ya 5: Kutanisha orodha, ukijua bahati ingetoa ngapi

Tuseme kila saratani imetoa jeni 3,000 zilizopanda kati ya 20,000. Kwa bahati tupu, orodha mbili zingeshirikiana jeni 450, tatu jeni 68 hivi, na nne jeni 10. Kwa hiyo ukiona "jeni 450 zinazoshirikiwa na saratani mbili", bado hujaona kitu. Ukiona 400 kwa saratani nne, kuna jambo.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila jeni inajitegemea, na sivyo ilivyo, kwani jeni husafiri kwa makundi. Kipimo kikali zaidi ni kubadilishana kiholela lebo za uvimbe na tishu ya kawaida ndani ya baadhi ya jozi, kurudia uchambuzi wote mara nyingi, na kuangalia orodha hizo za uongo zinashirikiana kwa kiasi gani. Kwa marudio hayo kifurushi cha limma ni chepesi kuliko DESeq2.

Duara zinazopishana zinafaa kwa saratani tatu, lakini zikizidi hapo chora mchoro wa UpSet, unaoonyesha makutano kwa nguzo. Kumbuka pia kwamba makutano ya orodha ni chujio lisilo na huruma: jeni yenye thamani ya 0.051 katika saratani moja inatupwa, ingawa katika nyingine tatu inang'aa. Mimi hupendelea kupanga jeni zote kwa nguvu ya ushahidi ndani ya kila saratani, kisha kuunganisha mipangilio hiyo kwa kifurushi cha RobustRankAggreg, au kufanya uchambuzi wa pamoja wa ukubwa wa tofauti. Njia hizi bado zinaitambua jeni hata kama imeyumba mahali pamoja.

Hatua ya 6: Uliza kwa nini zinashirikiwa

Fungua orodha yako. Karibu kwa hakika utakuta MKI67, TOP2A, CDK1, CCNB1, AURKA, BUB1. Zipo katika makala nyingi za aina hii, na mara nyingi hutangazwa kuwa jeni kuu za saratani fulani na shabaha mpya za dawa. Kinachozipandisha kinafahamika vizuri: seli za uvimbe zinagawanyika, na seli nyingi za tishu ya kawaida zimetulia. Ngozi inayopona kidonda au uboho wenye afya ungeonyesha jeni hizohizo.

Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba makundi mengi ya jeni yaliyochaguliwa kwa nasibu yanahusiana na matokeo ya wagonjwa wa saratani ya matiti, kwa sababu sehemu kubwa ya jeni hubeba kivuli cha kasi ya kugawanyika kwa seli. Kwa hiyo jeni yako ikitabiri kifo, jiulize kwanza kama inasema lolote ambalo MKI67 haijalisema.

Pima hivi. Chukua makundi ya Hallmark kutoka MSigDB, hifadhidata ya makundi ya jeni, yanayohusu mgawanyiko wa seli, yale ya E2F na G2M, na utengeneze alama moja kwa kila sampuli ya uvimbe. Ndani ya uvimbe peke yake, bila tishu ya kawaida, pima uhusiano wa kila jeni ya orodha yako na alama hiyo. Jeni zenye uhusiano mkubwa katika saratani zote nne ziweke kwenye kapu la mgawanyiko. Usizifute, ziripoti kwa jina lake hilo. Unaweza pia kuingiza alama hiyo kwenye modeli ya hatua ya 4, ila tafsiri kwa uangalifu: kasi ya mgawanyiko ni sehemu ya saratani yenyewe, na ukiiondoa unaweza kuondoa pamoja nayo baadhi ya ukweli.

Sababu ya pili ni mchanganyiko wa seli. Kipande cha tishu kina seli za kinga, mishipa, mafuta na nyuzi. Titi la kawaida lina mafuta mengi, hivyo jeni ya ADIPOQ, inayofanya kazi kwenye seli za mafuta, itaonekana imeshuka sana ndani ya uvimbe. Hakuna seli ya saratani iliyoizima. Mafuta yamepungua, basi. Vivyo hivyo COL1A1 hupanda katika saratani nyingi kwa kuwa uvimbe huzungukwa na seli zinazotengeneza kolajeni. Huenda seli hizo ndizo jambo muhimu zaidi uliloligundua, lakini lazima ujue ni zao. Angalia jeni yako kwenye data za seli mojamoja, ambazo zipo wazi kwa saratani zote hizi nne, uone ni aina gani ya seli inayoibeba.

Zinazobaki baada ya uchujaji huu huwa chache, pengine makumi. Hizo ndizo zinazostahili usiku wako.

Hatua ya 7: Makundi na mitandao

Tumia kifurushi cha clusterProfiler kuona jeni zako zinaangukia kazi gani za seli. Weka kama msingi wa ulinganisho zile jeni ulizozipima kweli, siyo jeni zote za binadamu, la sivyo kila kitu kitaonekana kimejaa kupita kiasi.

Mtandao wa STRING (hifadhidata ya uhusiano kati ya protini), ukichorwa kwa programu ya Cytoscape, unapendeza machoni, na ndiyo hatari yake. Jeni yenye mistari mingi mara nyingi ni jeni iliyochunguzwa na watu wengi. TP53 itakaa katikati ya karibu mtandao wowote utakaouchora.

Hatua ya 8: Weka DNA kando ya RNA

Fungua tovuti ya cBioPortal na uangalie kama jeni zako zimebadilika pia katika DNA au zimeongezeka nakala. Jeni iliyopanda RNA, iliyoongezeka nakala na isiyoelezwa na mgawanyiko ina ushahidi wa aina mbili zinazojitegemea.

Usidanganywe na asilimia peke yake. TTN huonekana imebadilika katika wagonjwa wengi wa karibu kila saratani, kwa sababu ndiyo jeni yenye maelekezo marefu zaidi ya protini, na shabaha kubwa hupigwa mara nyingi. Programu kama MutSigCV ziliundwa kuzingatia urefu wa jeni na tofauti za kasi ya makosa kati ya sehemu za jenomu.

Na hata badiliko lilelile halina tabia moja kila mahali. Badiliko la V600E la jeni ya BRAF hutokea kwenye melanoma, saratani ya ngozi, na kwenye saratani ya utumbo mpana. Dawa ya vemurafenib, inayozuia BRAF na iliyoidhinishwa mwaka 2011, iliwasaidia wengi wa melanoma, lakini kwenye utumbo mpana ikitumika peke yake ilifanya kidogo sana, kwa kuwa seli za utumbo zilifungua njia nyingine ya kuchochea ukuaji, ya EGFR, kufidia. Suluhisho lilikuwa kuzuia BRAF na EGFR kwa pamoja, na tiba ya namna hiyo ikaidhinishwa mwaka 2020. Kwa hiyo andika "inashirikiwa" bila kuongeza "kwa hiyo dawa moja itatosha".

Hatua ya 9: Muda wa kuishi

Chora mikondo ya Kaplan-Meier, inayoonyesha sehemu ya wagonjwa walio hai kadiri muda unavyokwenda, ukitaka, lakini uamuzi ufanywe kwa modeli ya Cox, inayopima hatari kwa vigezo kadhaa kwa pamoja, yenye umri na hatua ya ugonjwa. Usitafute kizingiti cha kuwagawa wagonjwa kinachotoa thamani ndogo zaidi ya p. Tumia kiwango cha jeni kama namba endelevu. Kwa PRAD usitumie vifo: kati ya wagonjwa takriban 500 vilirekodiwa vifo 10 hivi tu. Tumia muda hadi ugonjwa kurudi au kuendelea.

Hatua ya 10: Thibitisha nje ya TCGA

Tafuta kwenye hifadhidata ya wazi ya GEO data ambazo hazikugusa uchambuzi wako, hasa za wagonjwa wa asili nyingine, na uangalie kama mwelekeo na ukubwa wa tofauti vinarudia. Kisha angalia CPTAC, mradi wa kupima protini za saratani, kama protini nayo imepanda, maana RNA ikipanda protini haifuati kila mara.

Mwisho nenda kwenye hifadhidata ya DepMap, ambako jeni zimezimwa moja moja kwa CRISPR, mkasi wa kukata DNA, kwenye zaidi ya aina 1,000 za seli za saratani. Ukikuta kwamba kuizima jeni yako kunaua seli za aina zote bila ubaguzi, usifurahi upesi: huenda seli za kawaida nazo haziishi bila hiyo, na dawa yake ingemdhuru mgonjwa. Ukikuta haiui yoyote, huenda ni alama tu, na alama bado inaweza kusaidia kwenye vipimo. Inayoua seli za saratani fulani na kuziacha nyingine ndiyo ya kupeleka maabara, ikiwa na jina la saratani hizo, namba ya toleo la data za GDC ulizotumia, mbegu ya nasibu uliyoiweka (namba inayoanzisha uchaguzi wa nasibu), na msimbo wako wote ukiwa wazi ili mwingine aurudie.